Waandika Programu na Sisi wa Gatumba

Siku hizi ukimwuliza mwanafunzi atafanya nini baada ya kumaliza shule, mara nyingi atakujibu, "Nitasoma kompyuta." Ukiendelea kumwuliza, kompyuta kwa kazi gani, hapo hunyamaza. Mwingine adhani ni kujifunza kupiga chapa barua. Mwingine adhani ni kufungua mashine iliyokufa na kuifufua, kama fundi wa redio. Na mwingine, nasikitika kusema, adhani ni kutazama mpira wa Ulaya ndani ya simu. Mambo hayo yote yana mahali pake, lakini siyo ninayotaka kuyaeleza leo. Nataka kuwapa wasomaji wa gazeti letu habari za watu waandikao programu: kazi yao ni nini, hukusanyika vipi, hufundishana nini, na njia zipi zimefunguka mbele yao. Tena nataka kuonyesha kwamba sisi tukaao Gatumba, ambao mto Rusizi na ziwa vimetutoa nyumbani mara kadhaa tangu mwaka 2020, tuna haja ya ujuzi huo kuliko watu wa mjini.

Kwanza yafaa tupatane juu ya neno lenyewe. Programu ni maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu, ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine bila kuchoka na bila kufikiri. Chukua mfano wa mama auzaye ndagala katika soko letu. Asubuhi huchukua mzigo kwa wavuvi, nusu kwa fedha taslimu na nusu kwa mkopo. Mchana huuza, na wateja wengine humlipa, wengine humwambia, "Andika." Jioni hufungua daftari lake na kuhesabu: nimeuza kiasi gani, nimenunua kwa kiasi gani, nauli ya mzigo ilikuwa ngapi, nani ananidai na nani namdai. Hesabu hiyo yaweza kuandikwa kuwa programu. Maagizo yake yatakuwa hivi: chukua jumla ya mauzo, toa bei ya mzigo, toa nauli, kama kinachobaki ni pungufu ya sifuri, kionyeshe kwa rangi nyekundu, fanya hivyo hivyo kwa kila siku ya juma. Msomaji ataona kwamba humo mna mambo matatu tu: hesabu, sharti na kurudia. Programu kubwa za benki na za ndege zimejengwa kwa matofali hayo hayo matatu, ila matofali yenyewe ni mengi mno.

Ugumu hauko katika kompyuta. Uko katika kumjua mama yule na kazi yake. Kwa mfano, siku ya mvua kubwa hakuuza kitu, na ukurasa wa daftari ni mtupu. Binadamu akiuona ataelewa mara moja. Kompyuta haielewi, yataka iambiwe ya kwamba ukurasa mtupu si kosa, bali ni siku isiyo na soko. Na mteja aliyeleta deni lake la juzi, je, fedha yake ihesabiwe katika mauzo ya leo au ya juzi? Hapo mwandika programu hana budi kuondoka kitini na kwenda sokoni kuuliza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika kazi hii, na ndiyo isahauliwayo upesi na wale wapendao mashine kuliko watu.

Mfano mwingine tunao mfukoni kila siku. Mtu wa hapa atakaye kutuma fedha kwa Lumicash hubonyeza nyota, tarakimu na alama ya reli, hata kama simu yake ni ile ya vitufe isiyojua intaneti. Nyuma ya kubonyeza huko kuna programu yenye maagizo mawili: toa fedha katika hesabu ya mtumaji, kisha ongeza katika hesabu ya mpokeaji. Sasa fikiri: umeme ukikatika baada ya agizo la kwanza na kabla ya la pili, itakuwaje? Fedha zingepotea hewani, na hapo ugomvi. Kwa sababu hiyo waandishi huyafunga maagizo hayo mawili pamoja, ama yote yafanyike, ama lisifanyike hata moja. Watu wengi hutumia jambo hilo miaka na miaka bila kujua kwamba kuna mtu aliyeketi akaliwaza.

Basi, mtu mmoja aweza kujifundisha kazi hii peke yake, na wako waliofanya hivyo. Lakini wengi huchoka njiani, maana kosa la alama moja ndogo, kama mabano yasiyofungwa, laweza kumkalisha mtu siku mbili. Ndiyo maana waandika programu hupenda kukutana. Watazame mafundi cherehani wa sokoni wakaao safu moja. Kila mmoja ana wateja wake, tena hushindana. Hata hivyo huazimana mkasi, huulizana vipimo, na kijana ajifunzaye husikia mengi kwa kukaa kando yao kuliko kwa kufundishwa. Jumuiya ya waandika programu ndivyo ilivyo. Hukutana mara moja kwa juma au kwa mwezi, katika chumba cha chuo au nyumba yoyote yenye umeme na intaneti. Mmoja husimama akaonyesha alichokiandika, wengine wakamwuliza maswali. Au wawili hukaa mbele ya mashine moja, huyu akiandika na yule akisoma kwa sauti yaliyoandikwa, na yule asomaye mara nyingi ndiye aonaye kosa.

Desturi yao moja yastahili kuelezwa zaidi. Kabla ya kazi ya mtu kukubaliwa katika programu ya pamoja, lazima mwenzake aisome mstari kwa mstari na kuandika maoni yake. Kila badiliko huwekwa katika daftari la pamoja, lenye jina la aliyebadilisha, saa, na sababu yake. Tena ukurasa wa zamani haufutwi, waweza kuurudia wakati wowote. Chombo kitumiwacho sana kwa kazi hiyo chaitwa Git, nacho kilitungwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mtu wa Finland. Huyu Torvalds ndiye aliyeanza Linux mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki. Akaitoa kazi yake kwa watu wote waisome na kuitengeneza, na leo Linux ndiyo iendeshayo sehemu kubwa ya mashine za intaneti, na ndiyo msingi wa simu za Android tulizo nazo. Mwenye kiburi huona taabu kusomewa kazi yake mbele ya watu. Lakini hapana shule nyingine iliyo rahisi kiasi hicho, kwa kuwa mtoto wa Gatumba mwenye simu aweza kusoma maandishi yale yale asomayo mhandisi wa Marekani, bila karo.

Kuna na mashindano, ambayo yana sifa kubwa kupita faida yake. Vijana hukusanywa siku mbili, hupewa shida ya kutatua, hawalali, na mwisho washindi hupewa zawadi na kupigwa picha. Ni furaha, na watu hujuana. Lakini programu nyingi zitokazo huko hufa Jumatatu, kwa maana hakuna aliyemwuliza mtu mwenye shida kama ataitumia. Mimi ningependa zaidi kundi dogo likae mwaka mzima na kazi moja.

Yafaa sasa tujue jambo hili limefikaje katika nchi zetu za Afrika Mashariki, maana si la jana. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, kwa ajili ya hesabu za serikali. Siku zile watu waliandika maagizo kwanza kwa kalamu juu ya karatasi, kisha yakatobolewa katika kadi. Kazi ya hesabu za serikali haikwenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengine huicheka habari hiyo. Mimi siicheki sana, kwa maana mashine iliyonunuliwa kabla ya kuwa na watu wenyeji waijuao huwa mzigo, na jambo hilo twaweza kuliona hata leo katika vyumba vya kompyuta vilivyofungwa kwa kufuli.

Mambo yaligeuka zaidi mwaka 2008 katika Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kulitokea mapigano, na habari za kweli zilikuwa adimu. Mwanasheria mmoja, Ory Okolloh, akaomba waandika programu wasaidie kutengeneza ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuipelekea habari za aliyoyaona mahali pake. Kwa siku chache tu za Januari programu ikawa tayari. Ikaitwa Ushahidi, na ujumbe wa simu ya kawaida ulitosha kuleta habari. Waliitoa bure ili watu wengine waitumie, na mwaka ule ule ikatumiwa kwa habari za mapigano ya mashariki ya Kongo, kisha mwaka 2010 ikatumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mmoja wa watu wa Ushahidi, Erik Hersman, alianzisha nyumba ya kukutania Nairobi mwaka 2010, katika barabara ya Ngong, iitwayo iHub. Baada yake Kampala, Dar es Salaam na Kigali nazo zikapata nyumba za namna hiyo. kLab ya Kigali ilifunguliwa mwaka 2012. Mwaka huo wa 2010 wasichana wa Nairobi walianzisha AkiraChix, chama cha kuwafundisha wasichana kazi hii, hasa wale ambao familia zao hazina uwezo wa kuwalipia masomo. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu shuleni kwetu wavulana hukimbilia mashine, na wasichana huambiwa wasubiri. Wa kwanza kuketi si lazima awe wa kwanza kujua.

Lakini habari iliyonivuta kuliko zote ni ya Dar es Salaam, kwa kuwa yafanana na ya kwetu. Mji ule una mabonde na mitaa ijaayo maji kila mvua kubwa inaponyesha. Mwaka 2015 ilianza kazi iitwayo Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi walikwenda mitaani pamoja na wenyeji, wakapita njia kwa njia na mfereji kwa mfereji, wakaandika: mfereji huu una upana gani, umejengwa kwa saruji au ni shimo la udongo, umeziba kwa takataka au u wazi, maji ya mwaka jana yalifika wapi katika ukuta wa nyumba hii. Wenyeji ndio waliojua majibu, na wanafunzi wakajua namna ya kuyaweka katika ramani. Habari zote ziliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote aweza kuitengeneza na yeyote aweza kuitumia bila kulipa. Kisha ikatumika programu iitwayo InaSAFE, iliyotungwa kwa ajili ya Indonesia. Hiyo huchukua ramani ya nyumba, huilaza juu ya ramani ya maji, na kuhesabu: maji yakifika hapa, nyumba ngapi zitapatwa, na shule zipi.

Nani katika Gatumba asiyeona maana ya jambo hilo? Rusizi hutoka Ziwa Kivu, hushuka katika bonde hili tambarare, na kuingia Tanganyika karibu kabisa na sisi. Mto ukifurika na ziwa likiwa limejaa, maji hayana pa kwenda, hubaki mitaani. Mwezi wa Aprili 2020 mto ulivunja kingo, na maelfu ya watu wakahama. Wengine wakakaa katika mahema miaka. Mwaka 2021 ziwa likapanda tena, na mwaka 2024 likakaribia kimo ambacho wazee hukisimulia kuwa kilifikiwa mwaka 1964. Watu wa misaada wanapokuja, swali lao la kwanza huwa ni wapi na wangapi. Ramani ikiwa tupu, nyumba isiyochorwa ni kama haipo. Na mwandika ramani hahitaji kwanza kuwa mhandisi. Huanza kwa kufuata picha iliyopigwa kutoka angani, akachora mapaa na njia. Kisha huenda kwa miguu na simu yake, akathibitisha majina na mifereji. Baadaye ndipo hujifunza kuandika programu ndogo ya kuhesabu na kupanga alivyovikusanya. Kwa njia hii mtu huingia katika kazi ya programu kupitia mlango wa nyuma, nao ni mlango mpana. Neno moja la tahadhari: katika ramani ya watu wote haliandikwi jina la mwenye nyumba, wala habari za watu walio ndani. Na kabla ya kutembea mitaani na simu mkononi, katika mahali palipo mpakani kama hapa, yapasa kwenda kwanza kwa wakuu wa mahali kuwaeleza kazi yenyewe.

Mlango mwingine ni lugha. Kompyuta za siku hizi hufundishwa lugha kwa kupewa maandishi na sauti nyingi sana. Lugha isiyo na maandishi katika intaneti huachwa nje. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyogeuzwa kuwa ya Kiswahili, na ilibidi wapatane juu ya maneno mengi ambayo hayakuwapo. Google ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009, Kinyarwanda mwaka 2020, na Kirundi mwaka 2024 tu. Mwaka 2020 mtafiti Rubungo Andre Niyongabo na wenzake walikusanya habari za magazeti ili kompyuta ijifunze kuzipanga kwa aina zake: siasa, michezo, afya na kadhalika. Walipata habari kama 21,000 za Kinyarwanda, lakini za Kirundi kama 4,600. Tofauti hiyo yasema kitu. Upande wa sauti, vijana wa Rwanda walisoma sentensi mbele ya simu zao kwa ajili ya Common Voice, kazi ya shirika la Mozilla, hata wakakusanya zaidi ya saa 2,000 za Kinyarwanda, na lugha ile ikawa miongoni mwa za mbele kabisa duniani katika mkusanyo huo. Hawakuwa na mashine za ajabu. Walikuwa na simu na uvumilivu. Sisi tunaosema Kirundi nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani tuna mali ambayo wengine huitafuta kwa fedha.

Sasa nakuja katika swali ambalo kila mzazi huliuliza: je, kazi hii hulipa? Nitajibu bila kupaka sukari. Kazi za mshahara katika Burundi si nyingi. Ziko katika benki, katika makampuni ya simu, katika mashirika na ofisi za serikali, nazo huombwa na watu wengi wenye shahada. Lakini kuna kazi za mbali ambazo hutazama zaidi kile ulichokwisha kukifanya. Google Summer of Code ilianza mwaka 2005 kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na tangu mwaka 2022 humpokea yeyote aliye mgeni katika kazi hii mwenye miaka 18 na zaidi. Hulipwa fedha ili aongeze kitu katika programu iliyo mali ya watu wote, huku akiongozwa na mtu mwenye ujuzi. Outreachy hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, kwa muda wa miezi mitatu, hasa kwa watu ambao hawapati nafasi kwa urahisi. Katika miaka ya karibuni malipo yake yamekuwa dola 7,000 za Marekani. Kuingia ni vigumu, na mwombaji huonyesha kwanza kazi ndogo aliyoifanya katika programu ile. Kwa hiyo asiyejua ile desturi ya kusomewa kazi hawezi kufika mbali. Yafaa pia kusoma masharti ya malipo mapema, kwani si kila njia ya kupokea fedha hufika kwetu.

Kuna na mikutano. Mwezi wa Novemba 2023 waandishi watumiao Django, chombo cha kujengea kurasa za intaneti, walikusanyika Zanzibar kutoka pande nyingi za Afrika, na mikutano ya namna hii mara nyingi huwa na fungu la kuwalipia nauli wasio na uwezo. Kinyume chake wako matapeli. Mtu akikuambia ulipe ada ili uandikishwe kazi ya kompyuta Ulaya au Ghuba, mwache hapo hapo. Zile nafasi nilizozitaja hazimtozi mwombaji hata faranga moja.

Wengine watasema, kuna haja gani ya kujifunza, kwa kuwa tangu Novemba 2022, ilipotoka ChatGPT, akili mnemba huandika programu yenyewe? Ni kweli huandika, tena upesi. Niliiuliza ile ya kwenye simu kuhusu daftari la mama wa ndagala, nayo ikaandika programu nzuri ya kutazama, yenye duka, risiti na kodi, mambo ambayo mama yule hana. Haikuuliza habari ya deni la juzi. Mtu asiyejua kusoma programu angeipokea na kushukuru. Naona basi kwamba kuandika kumekuwa rahisi, na kusoma na kuuliza kumekuwa na thamani zaidi.

Habari ya vifaa nitaipita upesi, maana kila mtu aijua. Umeme hukatika, intaneti ni ghali, na mega, kama tuziitavyo hapa, huisha kabla ya somo. Hata hivyo, Wikipedia nzima ya Kiswahili yaweza kuwekwa ndani ya simu kwa programu iitwayo Kiwix, ikasomwa bila mtandao. Masomo ya freeCodeCamp ni ya bure. Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, hufanya kazi hata katika simu janja ya kawaida, na maneno yake ya Kiingereza ni machache kiasi cha kujifunzwa kwa majuma mawili. Na karatasi haijakatazwa. Wazee wa mwaka 1965 waliandika kwa kalamu.

Kikundi chetu hapa shuleni kina wanafunzi kumi na wawili na kompyuta nne za kupakata, mbili kati yake hazina betri. Twakutana Jumamosi, baada ya kazi za umma za asubuhi, chini ya mwalimu wa hisabati. Kwa muhula huu tumeacha mashindano, tumeshika kazi moja tu, yaani mifereji ya Gatumba: iko wapi, yaelekea wapi, na ipi imeziba. Wawili wawili hutembea, mmoja na simu, mwingine na daftari, kwa kuwa simu yaweza kuzima. Jioni tunalinganisha. Msichana mmoja wa mwaka wa nne ameandika programu fupi ipangayo mifereji kwa urefu na kuonyesha ile iliyoandikwa mara mbili. Ina mistari thelathini, na wote tumeisoma. Mushasha na Warubondo zimekwisha. Imebaki Kinyinya, na njia moja ndefu ambayo watu wa mwanzo wake huiita kwa jina la Kirundi, na watu wa mwisho wake kwa jina la Kiswahili. Ramani ina nafasi ya majina yote mawili, kila moja kwa lugha yake, ila moja tu ndilo huonekana kwanza, na juu ya hilo bado hatujapatana.